Shabiki Anayekataa Kuitikia

"Hii ya 2004 haikuwa timu bora ya Wenger. Ile ya 2002 ingeipiga."

Aliyasema hayo mzee mmoja tunayetazama naye mechi za Arsenal. Hii ya 2004 ni ile timu ya kocha Arsène Wenger iliyomaliza msimu mzima wa ligi bila kupoteza mchezo. Mpira ulikuwa haujaanza, na kijana mmoja alikuwa anatuonyesha magoli ya zamani kwenye simu. Thierry Henry alikuwa anawapita mabeki wa Liverpool. Goli lile kila mmoja wetu anajua linavyoisha, na bado tulikuwa tumeliinamia kana kwamba safari hii mpira ungegonga mwamba. Ndipo mzee akatoa lake.

Pakawa kimya. Kisha zikafuata kelele.

"Mzee, siku hizi uko Chelsea?" aliuliza mmoja. Mwingine alimwambia, kwa sauti ya heshima lakini uso ameukunja, kwamba shabiki wa kweli hawezi kutamka maneno kama hayo. Mzee hakupandisha sauti. "Hesabuni wenyewe, wanangu," alisema, akageukia televisheni maana timu zilikuwa zinaingia uwanjani.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa wiki nyingi sasa. Mzee hakumtukana mchezaji. Hakutaka kocha afukuzwe, wala hakuisifu timu ya mtu mwingine. Alichukua furaha yetu moja akaiweka juu ya furaha yetu nyingine, na zote mbili ni za Arsenal. Akajiwa juu kama mtu aliyechoma jezi.

Kwa nini?

## Nilihesabu

Nilianza na alichotuagiza. Msimu wa 2001/02 Arsenal ilichukua ligi na Kombe la FA. Ilifunga goli katika kila mechi ya ligi, zote 38. Ugenini haikupoteza hata mchezo mmoja wa ligi. Ilifungwa mara tatu tu, zote nyumbani Highbury, na ulipofika wakati wa kuamua bingwa ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo mpaka msimu ukaisha. Tarehe 4 Mei 2002 iliifunga Chelsea 2-0 kwenye fainali ya Kombe la FA, magoli ya Ray Parlour na Freddie Ljungberg. Siku nne baadaye ilikwenda Old Trafford, nyumbani kwa Manchester United, bingwa mtetezi, na Sylvain Wiltord akafunga goli lililotupa ubingwa mbele ya macho ya kocha wao, Alex Ferguson. Yote hayo huku Robert Pires, aliyekuwa moto kuliko wote msimu ule, akiwa ameumia goti tangu Machi.

Bado mzee anajibika. Timu ile ilikwama Ulaya kwenye hatua ya pili ya makundi. Ilimaliza ligi na pointi 87, ile ya 2003/04 ikamaliza na 90. Na mechi tatu ilizopoteza zipo, hazifutiki.

Lakini hata msimu wa 2003/04 una upande ambao hatupendi kuutazama. Kutofungwa kule ni habari ya ligi peke yake. Msimu huohuo Inter Milan ilikuja Highbury ikatupiga 3-0. Middlesbrough ilitufunga nyumbani na ugenini kwenye nusu fainali ya Kombe la Ligi. Halafu ikaja Aprili 2004. Tarehe 3 Manchester United ilitutoa kwenye nusu fainali ya Kombe la FA kwa goli la Paul Scholes. Tarehe 6 Chelsea ikatutoa Ligi ya Mabingwa, Wayne Bridge akifunga dakika za mwisho. Timu iliyoanza mwezi ikiota makombe matatu ilibakiwa na moja ndani ya siku nne.

Tarehe 9 wakaja Liverpool. Mpaka mapumziko walikuwa wanaongoza 2-1.

Goli tulilokuwa tumeliinamia kwenye simu ni la kipindi cha pili cha mechi ile. Miaka yote nimelitazama kama ushahidi wa timu isiyoguswa. Baada ya kuifuatilia hoja ya mzee nililiona upya. Ni goli la timu iliyokuwa imeumizwa mara mbili ndani ya wiki moja, iliyobakiwa na ligi tu mkononi, na ligi yenyewe ikianza kuteleza. Henry hakuwa anacheza na watu siku ile. Alikuwa anaokoa msimu. Tukashinda 4-2, matatu yakiwa yake.

Sijakubaliana na mzee. Mpaka leo naamini kwamba kucheza mechi 38 bila kufungwa, hata siku ambazo miguu mizito na mpira hauendi, ni ubora wa peke yake, kwa sababu ubingwa mwingi hupotelea kwenye siku kama hizo. Sare 12 za msimu ule nazihesabu kama 12 zilizookolewa. Ila maneno yake, yaliyosikika kama kashfa, yalinirudishia goli ambalo sifa zilikuwa zimelichakaza.

Waliokuwa wanalisifu miaka yote hawakuwahi kunipa zawadi hiyo.

## Wapinzani wanasikia

Hasira ya wenzangu naielewa inapotoka. Kabla ya Arsenal, timu pekee iliyomaliza msimu wa ligi kuu England bila kufungwa ilikuwa Preston North End ya 1888/89, na wao walicheza mechi 22 tu. Hata Manchester City iliyofikisha pointi 100 mwaka 2018 ilifungwa mara mbili. Kwa hiyo 2004 kwetu ni jibu. Siku tukichekwa kwa kukosa ubingwa mwaka hadi mwaka, tunalitoa jibu hilo na mabishano yanaisha, au angalau yanahamia kwingine. Mzee aliligusa hadharani, na chumbani mle walikuwemo watu wa timu nyingine.

Nadhani mzizi uko hapo. Shabiki anaishi ndani ya mabishano yasiyokwisha na watu wa timu nyingine: kazini, kwenye simu, mezani na ndugu zake. Akishayazoea maisha hayo, kila kauli kuhusu timu yake anaipima kwanza kwa swali moja: wapinzani wakiisikia wataifanyia nini? Kama ni kweli au si kweli, hilo linakuja baadaye, na mara nyingi haliji kabisa.

Tunamnyamazisha mwenzetu kwa ajili ya watu ambao hata hawaipendi timu yetu.

Na kuna uvivu unaoingia humo. Wengi wakishakubaliana kwamba beki fulani ni mbovu au kocha fulani hagusiki, wanaacha kumtazama. Wengi wape, tunasema, na kwenye mambo mengi ni busara. Ila uwanjani watu elfu sitini wakikubaliana, hakuna hata mmoja wao aliyeongezewa jicho la tatu. Anayepinga, hata akikosea, inambidi atazame ili apate cha kusema.

## Dakika ya 61

Tarehe 27 Oktoba 2019 Arsenal iliongoza 2-0 dhidi ya Crystal Palace, ikarudishiwa yote. Dakika ya 61 kocha Unai Emery akamtoa nahodha, Granit Xhaka. Uwanja ukashangilia kuona namba yake ikiinuliwa, kisha ukamzomea alivyokuwa anatoka taratibu. Akaweka mkono sikioni kama anayetaka wazidishe, akavua jezi, akapitiliza moja kwa moja kwenda vyumbani. Siku chache baadaye akavuliwa unahodha. Kwenye ujumbe wake kwa mashabiki alieleza kwamba matusi na vitisho vilikuwa vimeshafika kwa mke wake na binti yao mchanga.

Kumtetea Xhaka wakati ule ulikuwa ubishi wa hatari, na wapo waliothubutu. Walisema: tazameni nani anauomba mpira wakati wenzake wanajificha. Tazameni ile pasi ndefu ya mguu wa kushoto inayowaruka viungo wanne kwa mpigo. Tazameni eneo analoachiwa alilinde peke yake. Wakaambiwa hawajui mpira.

Januari 2020 alikuwa mlangoni akielekea Hertha Berlin. Mikel Arteta, aliyekuwa amekabidhiwa timu mwezi mmoja kabla, alimbakiza. Msimu wa 2022/23 akamsogeza mbele, upande wa kushoto, na Xhaka akafunga magoli saba ya ligi. Mawili kati ya hayo aliyafunga tarehe 28 Mei 2023 dhidi ya Wolves, mechi ya mwisho wa msimu, na uwanja uleule uliomzomea ukamwimbia abaki. Hakubaki. Mwaka uliofuata alikuwa katikati ya Bayer Leverkusen iliyochukua Bundesliga bila kupoteza mchezo, na goli lake pekee likaamua fainali ya Kombe la Ujerumani.

Ukiisimulia hivyo, watetezi wake walishinda kesi na mambo yamekwisha. Wengi huishia hapo.

Mimi pananisumbua. Xhaka wa 2023 hakuwa na kazi ile ya Xhaka wa 2019. Aliyesema mwaka 2019 kwamba mtu huyu hana mbio za kulinda eneo kubwa nyuma ya timu inayoshambulia bila mpangilio naye aliona jambo la kweli. Arteta mwenyewe alimsajili Thomas Partey mwaka 2020 akae eneo lile, na Xhaka alichanua alipoondolewa mzigo huo. Miaka minne ilimpa heshima mchezaji, na nafurahi mpaka leo kwamba aliipata. Lakini haikuonyesha kwamba kila aliyemkosoa alikuwa kipofu, wala kwamba kila aliyemtetea alikuwa anaona. Wapo waliomtetea kwa sababu tu wengi walikuwa wanamkosoa. Hao walipata jibu sahihi bila kufanya hesabu.

Kwa hiyo kipimo cha "muda utasema" nimeanza kukitilia shaka. Muda unasema nani alishinda. Nani alitazama vizuri ni swali jingine.

Na hapa nataka kutenga jambo moja ambalo watu hulichanganya makusudi. Mtu akiniambia Xhaka anachelewa kugeuka akipokea mpira, naweza kumjibu. Tunaweza kuirudia mechi pamoja na kila mmoja akaonyesha alichoona. Zomeazomea haina wa kujibiwa. Haisemi kitu kuhusu mpira, inamwambia mchezaji kwamba amekataliwa na watu wake akiwa nyumbani kwake. Wanaojificha nyuma ya haki ya shabiki kutoa maoni ili wamtukane mtu na familia yake wanaichafua haki yenyewe, na huwapa nafasi wale wanaotaka sote tunyamaze.

## Ndege mbili

Machi 2017 Arsenal ilikwenda West Bromwich Albion ikafungwa 3-1. Wakati mechi inaendelea, ndege ndogo ilipita juu ya uwanja ikivuta bango la kutaka Arsène Wenger asipewe mkataba mpya. Haukupita muda ikaja nyingine, na bango la kumheshimu.

Mashabiki wa timu moja wamelipia ndege mbili, angani, siku moja, wabishane.

Picha ile nimeifikiria sana, kwa sababu nimeshindwa kuamua nani kati yao alikuwa anaenda kinyume na wenzake. Mwaka 2009 aliyesema Wenger aondoke alionekana amepotewa na akili. Kufikia 2017, baada ya Bayern München kutupiga 5-1 nyumbani na 5-1 ugenini, wimbo ulikuwa umegeuka na mtetezi wa Wenger ndiye aliyeonekana wa ajabu. Kauli ilikuwa ileile. Kilichohama ni umati. Mtu anayejivunia kupinga kila kinachokubalika angelazimika kuwa kwenye ndege ya kwanza mwaka 2009 na kwenye ndege ya pili mwaka 2017, na hapo utajua kwamba hakuwahi kuwa na msimamo juu ya Wenger. Alikuwa na msimamo juu ya umati tu.

Wenger alichukua Kombe la FA mwezi Mei mwaka huohuo kwa kuifunga Chelsea, akasaini miaka miwili, akaondoka mwaka mmoja baadaye. Arsenal ikamaliza nafasi ya tano, kisha ya nane, kisha ya nane tena, halafu ikapanda mpaka ya pili. Kila upande una mwaka wake wa kuonyesha. Hakuna aliyewahi kuyafunga mabishano haya, na nimeacha kusubiri.

Kuna bango jingine linalotajwa kila panapozungumzwa uvumilivu. Desemba 1989 shabiki mmoja aliinua shuka Old Trafford lililosema miaka mitatu ya visingizio imetosha, Ferguson aende zake. Miezi michache baadaye Ferguson alichukua Kombe la FA, mwaka 1993 akachukua ligi, na alipostaafu 2013 alikuwa na ubingwa wa ligi mara 13 akiwa na United. Tangu hapo shuka lile limekuwa mfano wa upumbavu wa mashabiki.

Mimi siwezi kucheka. Msimu uliotangulia United ilimaliza ya 11. Septemba 1989 Manchester City ilikuwa imeipiga 5-1. Msimu wenyewe wa lile bango iliumaliza ya 13. Aliyeinua shuka aliandika kilichokuwa mbele ya macho yake. Kuhusu yaliyokuja alikosea kuliko karibu shabiki yeyote aliyewahi kuishi, lakini kuhusu yaliyokwisha kutokea kulikuwa na kosa gani? Tunamlaumu kwa kushindwa kuona miaka 24 mbele, kitu ambacho waliokaa kimya kando yake hawakukiona pia. Walikuwa salama kwa sababu hawakuandika.

## Waliotaka kufungwa

Nilipokuwa nayawaza haya, rafiki mmoja aliniambia ubishi mkubwa kuliko wote ni wa shabiki anayeitakia timu yake ifungwe. Akanikumbusha Roma, tarehe 2 Mei 2010, Lazio wakicheza nyumbani na Inter. Lazio ikishinda au ikitoka sare, ubingwa ungeweza kwenda kwa AS Roma, watani wao wa mji mmoja. Mashabiki wa Lazio waliishangilia Inter. Inter ilipofunga waliinua bango la kujifanya wamesikitika. Ikaisha 2-0, na mwisho wa msimu Inter ikawa na makombe matatu.

Tarehe 14 Mei 2024 ikawa zamu ya Tottenham, watani wetu. Wakiizuia Manchester City, Arsenal ingeweza kuwa bingwa. Wao wenyewe walihitaji kushinda ili waendelee kuifukuzia nafasi ya nne na Ligi ya Mabingwa. Wakafungwa 2-0, na sehemu ya mashabiki wao wakashangilia. Kocha wao, Ange Postecoglou, alikasirika waziwazi baada ya mechi.

Sikubali kuuita huo ubishi. Mimi ni wa Arsenal na usiku ule ulinigusa, kwa hiyo mnaweza kunipunguzia neno. Lakini tazameni nani alikuwa peke yake pale. Kutaka kufungwa ndiko kulikokuwa wimbo wa umati. Aliyebaki peke yake ni yule shabiki wa Tottenham aliyekaa kwenye kiti chake akitaka timu yake ishinde, akijua ushindi huo unaweza kumpa adui yake ubingwa. Nimesoma na kusikia mengi kuhusu usiku ule, na watu wa namna hiyo walikuwepo. Hao nawavulia kofia. Kupinga wenzako si lazima kuwe kuisema timu vibaya. Mara nyingine ni kuendelea kuitaka ishinde wakati kila aliye kando yako ameshabadilisha maombi.

## Gharama

Oktoba 2021 mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia uliongoza ununuzi wa Newcastle United. Maelfu walijaa nje ya uwanja wao, St James' Park, wakiimba, na baada ya miaka 14 ya mmiliki waliyemchukia nani angewalaumu? Wachache, waliokuwa wanaipenda timu ileile kwa miaka ileile, walisema hapana. Walisema hawataki timu yao itumike kusafisha jina la serikali yenye rekodi ile ya haki za binadamu. Walitukanwa na watu waliokuwa wamekaa nao kiti kwa kiti.

Tarehe 16 Machi 2025, Wembley, Newcastle iliifunga Liverpool 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Dan Burn na Alexander Isak walifunga. Lilikuwa kombe lao la kwanza kubwa la ndani tangu 1955. Mji mzima ulisubiri siku ile, watu walizeeka wakiisubiri.

Nikajiuliza kuhusu wale wachache. Burn ni kijana wa kwao, alikulia akiishabikia timu ileile. Mpira wake wa kichwa ulipoingia, walifanya nini na miili yao? Unawezaje kukaa? Na ukisimama, umesalimu amri? Nadhani mtu anaweza kulia kwa furaha na bado asibadilishe neno hata moja la alichosema 2021, na nadhani hiyo ni kazi ngumu kuliko yote ambayo timu inaweza kumpa shabiki wake.

Mfano huo umenisaidia kupima wabishi wengine. Ubishi wa siku ya kufungwa ni rahisi. Kamera ziko nje ya uwanja, mtu amekasirika, na kadiri anavyopaza sauti ndivyo video yake inavyosambazwa. Wapo waliojenga majina kwa kuikasirikia timu yao kila wiki, na timu ikianza kushinda unaona wanavyohangaika kutafuta la kusema. Huyo simsikilizi. Namsikiliza anayesema jambo lilelile siku tumeshinda 4-0, wakati halimpi chochote na linamharibia sherehe. Mzee yule alisema lake tukiwa tunafurahi.

## Langu

Ninalo na mimi, na nimelizunguka kwa miaka. Nalisema sasa.

Kazi kubwa kuliko zote za Wenger ni ile miaka ya ukame, 2005 mpaka 2014. Kubwa kuliko 2002. Kubwa kuliko 2004.

Arsenal ilikuwa inalipia uwanja uliogharimu karibu pauni milioni 390, ikahama kutoka Highbury ya watu 38,000 kwenda uwanja wa zaidi ya 60,000 mwaka 2006. Ilifanya hivyo wakati mbaya kabisa wa kubana matumizi: Roman Abramovich alikuwa ameshainunua Chelsea tangu 2003, na mwaka 2008 fedha za Abu Dhabi zikaingia Manchester City. Tazameni walioondoka. Patrick Vieira 2005. Ashley Cole 2006. Henry 2007. Emmanuel Adebayor na Kolo Touré 2009. Cesc Fàbregas, Samir Nasri na Gaël Clichy, wote kiangazi kimoja cha 2011. Robin van Persie 2012, tena kwa Manchester United. Timu gani nyingine imenyofolewa hivyo, kila mara kiungo muhimu kuliko vyote, ikaendelea kusimama?

Haikuwahi kutoka ndani ya nne bora. Tangu msimu wake wa kwanza mpaka 2015/16, misimu 20 mfululizo.

Tarehe 28 Agosti 2011 tulipigwa 8-2 Old Trafford. Hakuna shabiki wa Arsenal anayehitaji kuelezwa siku ile. Kinachosahaulika ni kwamba timu ileile ilimaliza msimu nafasi ya tatu. Makocha wengi wasingefika Krismasi.

Wenger alipolinganisha nafasi ya nne na kombe, alichekwa mpaka na watu wetu, na wimbo huo wa kuchekwa ukageuka ukweli wetu wa pamoja: kwamba miaka ile ilikuwa ya kukata tamaa na kujitosheleza na kidogo. Siukubali. Nafasi ya nne ndiyo iliyolipia uwanja. Bila mapato ya Ligi ya Mabingwa deni lile lingetuburuza, na tumeona timu kubwa zilizoburuzwa mpaka madaraja ya chini. Leeds United ilicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2001, ikashuka daraja 2004, na kufikia 2007 ilikuwa daraja la tatu.

Tarehe 19 Mei 2013, mechi ya mwisho, tulikuwa Newcastle. Tottenham walikuwa wanatufukuzia na wao walishinda mechi yao. Laurent Koscielny, beki, akapiga goli moja kutokana na frikiki, tukalilinda mpaka mwisho. Sisi pointi 73, wao 72. Wachezaji walisherehekea uwanjani na dunia ikawacheka kwa kusherehekea nafasi ya nne.

Miezi michache baadaye Mesut Özil alitua kutoka Real Madrid kwa ada kubwa kuliko zote tulizokuwa tumewahi kulipa mpaka siku ile, maana deni lilikuwa limeanza kulegea na Ligi ya Mabingwa ilikuwepo ya kumwonyesha. Mei 2014 tulikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Hull City kwenye fainali ya Kombe la FA, tukarudi, Aaron Ramsey akamaliza kwenye muda wa nyongeza, na miaka tisa ikakatika. Goli la Koscielny kwangu lina uzito wa kombe, na sherehe ile ya wachezaji ilikuwa halali. Nitalisema hilo mbele ya shabiki yeyote wa Arsenal. Anayetaka kubisha aje na jina la kocha aliyeuziwa wachezaji wale wote, kwa miaka ile yote, akamaliza juu zaidi.